Mama Malisho na Kisima cha Bondeni

Nimewahi kuendesha mabosi wa kila namna. Wapo wanaolala toka geti la ofisi mpaka mwisho wa safari, wapo wanaoendesha gari kwa mdomo huku usukani umeushika wewe, na alikuwepo mmoja aliyeimba njia nzima, tena vibaya. Lakini hakuna aliyenichosha kama afisa malisho wetu, mama mmoja mfupi mwenye hatua za haraka na sauti ya kuamsha mtaa. Na hakuna niliyempenda zaidi.

Ofisini tulimwita Mama Malisho. Alijua, na hakujali. Alisema serikalini mtu hupewa majina mabaya kuliko hilo, kwa mfano "mdau".

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, ubavuni mwa stoo ya viti vibovu, na stoo ikijaa, viti vilihamia kwake. Mgeni akija alichagua kiti kwa mashaka, na mara nyingi kiti kilimkataa. Mlangoni palikuwa na kibao: Mifugo, Malisho na Mengineyo. Afisa mifugo alikuwa na chumba kikubwa mbele, dawa zake, friji yake, wasaidizi wake. Mama Malisho alibaki na malisho, na hayo mengineyo.

Kabla sijaenda mbali, niwaeleze kuhusu bonde, maana ugomvi wote ulianzia huko. Ukitoka mjini asubuhi, unafika pale jua likiwa limeshakuwa kali. Ni bonde pana, limejaa nyasi, na halikuwa na hata dimbwi la maji. Wafugaji wa upande ule walikuwa na utaratibu wao wa miaka mingi. Mvua zikinyesha, wanakaa huku juu kwenye mabwawa, na bondeni haingii ng'ombe wa mtu. Kiangazi kikikaza na mabwawa yakabaki tope, ndipo wanashuka. Wanalisha bondeni leo, kesho wanaswaga mifugo hadi mtoni kunywesha, halafu wanarudi. Ni taabu kweli. Lakini taabu hiyo ndiyo iliyolilinda bonde. Mahali pasipo na maji, nani ataweka zizi mwaka mzima?

Sasa, siku moja ya masika, tulikuwa tunapita kwenda kuangalia hali ya nyasi. Tukaona vumbi linapanda katikati ya bonde, na mlio kama wa kinu cha kusaga. Mama Malisho akanishika bega.

"Dereva, ile ni nini?"

"Mtambo wa kuchimbia kisima, Mama."

"Hebu geuza macho yako uangalie tena."

Nikaangalia tena. Ulikuwa mtambo wa kuchimbia kisima.

Aliruka kutoka kwenye gari kabla sijasimama vizuri. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa ameketi juu ya ndoo, anakunywa chai.

"Nani kakuambia uchimbe hapa?"

"Maji."

"Maji hayasemi, baba."

"Idara ya maji, Mama. Mimi nikiambiwa chimba, nachimba. Nikiambiwa fukia, nafukia. Karibu chai."

Hakunywa chai. Njia nzima ya kurudi aliongea peke yake, mimi nikaitikia "ndiyo, Mama" kila alipovuta pumzi. Tulipofika ofisini alipitiliza moja kwa moja kwa afisa maji. Huyu alikuwa kijana mrefu, msafi, mhandisi, mtu mwenye adabu zake. Mlango ulibaki wazi, na mimi nilikuwa na funguo za gari za kurudisha, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mwanangu, umechimba kisima kwenye akiba ya kiangazi."

"Mama, mradi ni kisima kila kata. Kata ile ilikuwa imebaki nyuma."

"Kata ile ina vilima, ina shule, ina zahanati. Vyote hivyo hukuviona?"

"Mtaalamu wa miamba aliona maji bondeni."

"Na mtaalamu wa nyasi je? Mbona hamkuniuliza? Tunatumia korido moja! Tunatumia choo kimoja!"

Afisa maji akavua miwani, akaifuta. "Mwongozo wetu hausemi tuulize malisho, Mama. Unasema tuulize wananchi. Tukawauliza, mnataka maji? Wakasema ndiyo. Ulitegemea waseme hapana?"

Mama Malisho akageuka, akatoka bila kuaga. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipokasirika zaidi, kwa sababu kijana hakuwa amekosea.

Akaanza kuzunguka. Alikwenda idara ya ardhi, akaonyeshwa ramani ambayo bonde zima limeachwa jeupe. Akauliza weupe ule maana yake nini, akaambiwa ni eneo wazi, halina mtu, na kuna mpango wa kulikata viwanja vya mashamba. "Halina mtu kwa sababu ni masika!" alisema. "Njooni kiangazi muone kama halina mtu!" Karani wa ramani akamwambia ramani haina kiangazi. Akaenda kwa watu wa wanyamapori. Wao walikuwa na ramani yao, bonde limepakwa kijani, kwamba ni mapito ya wanyama na wanafikiria kuweka uzio. Idara mbili, jengo moja, bonde moja, na hakuna aliyejua mwenzake anapanga nini. Hatimaye akapanda kwa bosi mkubwa, ghorofani. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka alikuwa amekunja uso kama aliyelamba dawa.

"Kasemaje?" nikamuuliza.

"Tuunde kamati."

Kamati ikaundwa. Ikakutana ikanywa soda, ikakubaliana ikutane tena. Wakati inajiandaa kukutana tena, kisima kikakamilika, paneli za sola zikawekwa, tangi na mabirika ya saruji ya kunyweshea ng'ombe yakajengwa, na mheshimiwa mmoja akaja kukata utepe. Palikuwa na hema na vipaza sauti. Wananchi walishangilia, na kwa nini wasishangilie? Maji yalitoka meupe, mengi, yakaruka juu.

Aliyeshangilia kuliko wote alikuwa shemeji yake Mama Malisho, mdogo wa mumewe. Mume alikuwa fundi cherehani mjini, mtu mpole wa maneno machache. Mdogo wake yeye alibaki na ng'ombe wa familia, na alikuwa mcheshi, mbishi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuchukia. Siku ile alimfuata Mama Malisho akiwa ameloa kichwa hadi viatu.

"Shemeji, mbona umenuna? Leo ni sherehe!"

"Shemeji, mkikaa hapa masika, kiangazi mtakula nini?"

"Wewe unakula mshahara, mimi nakula ng'ombe. Ng'ombe wangu wamechoka kutembea hadi mtoni. Na mimi nimechoka kutembea nyuma yao. Niache nipumzike, tafadhali."

Kabla mvua hazijaisha, shemeji alikuwa amehamia pale na zizi lake. Wengine wakamfuata, na ambao hawakutaka wakafuata pia, kwa kuogopa wenzao wasije wakamaliza nyasi zote. Kila mtu aliyenieleza alisema hivyo hivyo: nilijua si vizuri, lakini nibaki mimi tu na adabu zangu? Kila tulipokwenda, uwanja wa vumbi kuzunguka kisima ulikuwa umepanuka. Mwanzoni ulikuwa kama uwanja wa mpira. Baadaye ukisimama kwenye mabirika ulikuwa huoni nyasi zimeanzia wapi.

Kiangazi kilipofika kilikuwa kirefu. Mabwawa yakakauka kama kawaida, na watu wa huku juu wakashuka bondeni kama kawaida. Wakakuta vumbi.

Siku hiyo ninayotaka kuisimulia sikuipenda. Tulifika kisimani tukakuta pampu inafanya kazi vizuri na mabirika yamejaa hadi yanamwagika. Pembeni ya maji yale yote walikuwa wamelala ng'ombe, mbavu zinahesabika, wengine wakiwa hai na wengine sijui. Shemeji alikuwa amepiga magoti, ameshika kichwa cha jike mmoja mwekundu, anajaribu kumnyanyua. Jike alikuwa anakojoa maji matupu. Tumbo lilikuwa limejaa maji, hakuna kingine.

Shemeji akatuona. "Usiseme kitu, shemeji," alisema bila kuinua sauti. "Nakuomba. Usiseme."

Mama Malisho alivua viatu, akaenda upande wa pili wa yule jike, akashika mkia, nami nikashika pembe, tukainua. Jike alisimama kidogo, miguu inatetemeka, akaanguka tena. Tulikaa naye mpaka alipokata roho.

Idara ya maafa ilituma malori ya majani makavu. Yaliondoka ghala kuu wakati wa kiangazi, yakakwama kwenye vibali na vizuizi, yakatufikia mvua imeshaanza. Majani yalikuwa yamelowa, yameota ukungu. Dereva wa lori la kwanza akauliza ashushie wapi. Mama Malisho akamwonyesha ofisi ya bosi mkubwa, kwa mkono, bila neno. Yule dereva nusura ashushie kweli.

Basi mvua zikaanza, na nyasi changa zikachomoza bondeni, kijani kidogo kama ndevu za mvulana. Mama Malisho akasema kisima kifungwe sasa hivi, masika yote, kifunguliwe kiangazi. Ukisikia hivyo unaona jambo rahisi. Tukaanza kumtafuta mwenye mamlaka ya kukifunga.

Afisa maji alisema yeye hawezi, kisima walishakikabidhi kwa wananchi, na pia sheria ya maji haimruhusu mtu kumnyima mwenzake maji. Kamati ya maji ya pale ikasema ina mamlaka ya kutengeneza bomba likipasuka, ya kufunga haina. Wafugaji walikuwa na baraza lao la malisho, lakini baraza lile halitambuliki popote. Likiandaa sheria ndogo, hakuna ofisi ya kuipokea. Mwanasheria wetu akakuna kichwa, akasema sheria ya malisho ipo njiani. Mama Malisho akamuuliza inakuja kwa miguu? Alipigwa danadana ofisi hadi ofisi mpaka nyasi zikawa zimefika kwenye kifundo cha mguu na mazizi yameanza kurudi.

Ndipo akaitisha mkutano pale pale kisimani, kwenye kivuli cha tangi. Aliyeuongoza alikuwa mama mmoja mfugaji, mjane, ambaye walimpa jina la Kipaza kwa sababu hakuhitaji kipaza sauti. Alisema wazi kwamba yeye amezika nusu ya mifugo yake na hataki maneno mengi. Wanaotaka kifungwe wasimame huku. Wengi wakasimama.

Shemeji hakusimama. "Mimi ndiye niliyepoteza zaidi hapa," alisema, "kwa hiyo msinione mjinga. Tukifunga sisi, wale wa ng'ambo ya mto watakuja na fundi wao, watafungua, watalisha. Tutawazuia kwa kitu gani? Tukienda polisi, tutasema nini? Kwamba wamekunywa maji?"

Kipaza akamgeukia Mama Malisho. "Mjibu shemeji yako."

"Kasema kweli," Mama Malisho alisema. "Hakuna sheria ya kutulinda. Lakini nikingoja sheria, nyasi hizi hazitangoja."

Walibishana mpaka jua likaelekea kuzama. Mwisho wakakubaliana kuwatuma watu wakazungumze na wale wa ng'ambo, na kufunga. Fundi wa pampu, aliyekuwepo tangu mwanzo anasikiliza, akapanda kwenye fremu ya paneli, akafungua kisanduku cha kuwashia pampu, akakitoa na nyaya zake. Bila kile, pampu ni chuma tu. Akauliza nani akae nacho. Kila mmoja akaangalia viatu vyake.

"Nileteeni mimi," Mama Malisho akasema.

Alikipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Mumewe alitupokea mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Akakiangalia kile kisanduku, akakiangalia tena.

"Mke wangu, hiki ni nini?"

"Kisima."

"Aa." Akafikiri kidogo. "Kitakaa wapi?"

Kikakaa jikoni, chini ya meza, nyuma ya gunia la mkaa. Yule baba aliniambia, kwa upole wake ule, kwamba alioa afisa akidhani anaoa mtu, kumbe ameoa na stoo ya serikali.

Habari haikuchukua muda kufika ghorofani. Mama Malisho akaitwa kwenye kikao cha nidhamu: kuhujumu miundombinu ya umma. Nikaitwa na mimi, maana gari lilikuwa la serikali na dereva nilikuwa mimi. Mke wangu alinipigia pasi shati kama ninayekwenda kuzikwa.

Tuliketi kwenye chumba cha mikutano chenye feni inayolia. Bosi mkubwa alikuwa mbele, mwanasheria kulia kwake, afisa maji kushoto, mtu wa ardhi pembeni. Kipaza alikuja bila kualikwa na hakuna aliyepata ujasiri wa kumtoa. Shemeji naye alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango, kofia mikononi.

Mwanasheria akaanza. "Ili tuendelee, tuandike mlalamikaji. Kisima ni mali ya idara ya maji?"

"Hapana," akasema afisa maji. "Tulishakabidhi kwa wananchi."

"Hamkutukabidhi!" Kipaza akanguruma, feni yenyewe ikawa kama imenyamaza. "Mlikata utepe, mkatupa soda, mkaondoka na hema lenu. Kukabidhi ndiko huko?"

"Basi ni cha kata," akasema mwanasheria.

Bosi akasema kata haijawahi kukipokea, angejua. Mtu wa ardhi akadokeza kwamba kwa ramani mpya kisima kimeangukia ndani ya kiwanja fulani, ila kiwanja hicho bado hakijapata mwenyewe. Wakaulizana, wakapingana. Sauti zilipanda, zikashuka. Mwanasheria aliandika, akakata, akaandika, mwisho akaweka kalamu chini.

Ndipo Mama Malisho akasimama. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Tangu mvua zianze nimetembea kwenye korido hii namtafuta mwenye kisima, nimwombe akifunge. Hakuna aliyenyoosha mkono. Leo mnamtafuta mwenye kisima ili anishtaki, na bado hayupo. Mimi nimechoka, waheshimiwa. Nimechoka kweli. Mkimpata, mniambie, kisanduku chake nitamletea."

Akakaa. Kule nyuma mtu akacheka, kicheko kimoja kifupi, akakimeza. Alikuwa shemeji.

Hawakumfukuza. Bosi mkubwa alimpa onyo la mdomo, na kwa kuwa alitaka kikao kiishe na jambo la kufanya, akaunda kamati ya kumtafuta mwenye kisima, mwenyekiti wake Mama Malisho. Kisha akamnyang'anya gari. Alisema idara ya malisho haina safari nyingi. Nikahamishiwa idara ya maji.

Kisima kilibaki kimefungwa masika yale. Wale wa ng'ambo walikuja kweli, kama shemeji alivyosema, lakini walikuta shemeji mwenyewe amekaa kwenye tangi. Walizozana siku nzima, wakaafikiana nao washuke kiangazi pamoja na wengine. Nusu ya bonde ilirudi, nyasi zikapanda hadi magotini. Nusu nyingine haikurudi, kwa sababu viwanja vilikatwa kweli, na sasa pale kuna waya na mahindi yaliyodumaa. Kiangazi kilichofuata walikufa ng'ombe, ila si kama mwaka ule. Kisanduku kilitoka jikoni, kikarudishwa kwenye pampu, maji yakatoka. Mvua zilipoanza kikarudi jikoni. Mpaka leo hakuna sheria inayosema kiwe wapi.

Juzi nilikuwa nampeleka afisa maji mkutanoni. Idara ya mazingira imekuja na mradi wa kupanda miti bondeni, maana picha za kutoka angani zimeonyesha kwamba pale ni ardhi tupu. Jua lilikuwa kali. Mbele yetu tukaona pikipiki ya kukodi imepata pancha, na mama mfupi amesimama kando ya barabara, viatu mkononi, anamwelekeza kijana wa pikipiki jinsi ya kushika pampu.

Afisa maji akashusha pumzi. "Simama tumchukue. Lakini mwambie, asianze."

Nikasimama. Mama Malisho akafungua mlango wa nyuma.

"Miti!" alisema, hata mguu haujaingia ndani. "Miti, mwanangu! Wameona nyasi, wakaita ardhi tupu! Hebu niambie, na hawa mliwaruhusu nyinyi?"

"Si sisi, Mama," akasema afisa maji. "Nami nimesikia jana tu."

"Umesikia jana, na mnatumia korido moja?"

Afisa maji akageuka dirishani. Nikaona kwenye kioo anajizuia kucheka, na pia kwamba amechoka kama Mama Malisho. Nikaingiza gia.